Unjha, mji wa jira wa Gujarat: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri

Majibu haya ni kwa msafiri kutoka Afrika Mashariki anayetaka kuona India ya wakulima badala ya ile ya mabango ya utalii, na pia kwa yule aliyemsindikiza mgonjwa Ahmedabad akabaki na siku mbili tatu za kusubiri majibu ya vipimo.

## Mambo ya mwanzo

Unjha iko wapi, na kuna nini cha kumpeleka mtu huko?

Unjha ni mji mdogo wa wilaya ya Mehsana, kaskazini mwa jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Ahmedabad, jiji kubwa lililo karibu, iko kusini yake kwa kilomita 100 hivi. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi wapatao 57,000, idadi ambayo kwa India haimfanyi mtu ageuke kuuliza jina la mji. Lakini India ndiyo inayolima jira nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, na bei inayotoka kwenye mnada wa Unjha ndiyo inayoangaliwa na wauzaji wa jira nchi nzima. Shamari na isabgol, ile mbegu ambayo maganda yake hunywewa na wenye shida ya choo, nazo hupitia hapo kwa wingi.

Nenda ukijua kwamba huu ni mji wa kazi. Hakuna ufukwe, hakuna mtaa wa wageni, hakuna mtu wa kukushika mkono akuuzie ziara. Ukifuata saa za soko na saa za watu kupeleka maziwa utaona mengi. Ukiamka saa nne ukaanza kuulizia vivutio, utarudi ukisema hapakuwa na kitu.

Wakati gani ni mzuri?

Jira hupandwa kuanzia Oktoba mwishoni na Novemba, mvua za masika yao zikiwa zimekwisha, na huvunwa Februari na Machi. Anayetaka kuona mashamba ya kijani na haradali ikiwa imechanua manjano aende Desemba au Januari. Anayetaka kuona soko limefurika aende kuanzia Februari mwishoni hadi Aprili.

Mei usiende kama huna sababu. Joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku, na mji mzima hujifungia ndani mchana. Juni katikati hadi Septemba ni mvua. Januari, kinyume na wengi wanavyodhani, usiku ni baridi ya kutaka sweta na blanketi, na nyumba hazina vipasha joto.

Sikukuu zinaharibu safari au zinaipamba?

Zote mbili. Diwali, ambayo huangukia Oktoba au Novemba, hufunga soko kwa siku kadhaa mpaka Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka mpya wa Kigujarati, wafanyabiashara wanapofungua vitabu vipya. Mwisho wa Machi pia soko hufungwa siku kadhaa kwa sababu ya hesabu za mwaka wa fedha, unaoisha tarehe 31 Machi, tena katikati ya msimu wenyewe. Wengi hunaswa hapo. Jumapili usitegemee mnada.

Upande wa pili kuna Uttarayan, tarehe 14 Januari, ambapo kila mtu yuko juu ya paa anarusha tiara, na Navratri, Septemba au Oktoba, usiku tisa za ngoma ya garba. Wakikuita ucheze, ingia. Hatua zenyewe ni rahisi ukishaacha kutazama miguu yako.

## Viza, afya na kufika

Nahitaji viza gani?

Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaweza kuomba viza ya mtandaoni ya utalii: ya siku 30, ya mwaka mmoja au ya miaka mitano. Omba kwenye tovuti ya serikali yenyewe, indianvisaonline.gov.in. Kuna tovuti chungu nzima zinazofanana nayo ambazo hutoza ada juu ya ada. Viza hiyo inakubalika kwenye viwanja vya Ahmedabad na Mumbai. Kama nia yako ni kununua jira ya biashara, tazama sehemu ya mwisho, kwa sababu viza ya utalii haikufai.

Kadi ya njano ni lazima?

Ichukue, bila mjadala. India ni wakali kuhusu homa ya manjano kwa sababu mbu wa kuieneza wanao, ila ugonjwa wenyewe hawana. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Congo bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Mtanzania naye asijitoe, maana tiketi nyingi hupitia Nairobi au Addis Ababa. Sindano iwe imechomwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Ukiwa nacho, cheti ni cha maisha.

Nafikaje Unjha kutoka nyumbani?

Njia mbili hutumika zaidi. Ya kwanza ni kuruka hadi Ahmedabad kupitia Ghuba, yaani Dubai, Doha au Abu Dhabi. Ya pili ni kwenda Mumbai, kisha treni kuelekea kaskazini hadi Ahmedabad, mwendo wa kilomita karibu 500. Mwenye mizigo mingi au mgonjwa achague ya kwanza.

Kutoka Ahmedabad, Unjha iko kwenye reli kuu ya kwenda Mehsana, Palanpur na jimbo jirani la Rajasthan, safari ya kama saa mbili. Si kila treni ya haraka husimama hapo, kwa hiyo angalia orodha ya vituo kabla ya kukata tiketi. Kwa umbali huu huna haja ya kuhangaika na nafasi ya kulala: tiketi ya behewa la kawaida hukatwa dirishani siku hiyohiyo kwa bei ndogo sana. Ubaya wake ni kubanana. Mabasi ya serikali ya jimbo nayo huenda hadi Mehsana mara kwa mara, na kutoka Mehsana hadi Unjha ni kilomita 25 hivi.

Ndani ya mji utatumia miguu na bajaji, zilezile za nyumbani. Patana bei kabla ya kupanda.

Nikiugua?

Maji: kunywa ya chupa au yaliyochujwa kwa mashine, ambayo maduka mengi na karibu kila nyumba inayo. Mbu wa malaria na dengi wako, hasa wakati wa mvua na baada yake. Mbwa wa mitaani ni wengi. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha nenda hospitali ya serikali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kurudi nyumbani.

Gari la wagonjwa Gujarat ni namba 108. Namba ya dharura ya nchi nzima ni 112. Ugonjwa mkubwa hupelekwa Mehsana au Ahmedabad.

## Kulala, kula na kulipa

Kwa nini gesti ilinikataa ilhali ilikuwa na vyumba?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na mara nyingi jibu lake halina chuki ndani. Sheria ya India inamtaka kila anayempokea mgeni wa nje kupeleka taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wengi huiita Fomu C. Gesti nyingi za miji midogo hazijajisajili kwa mfumo huo, na mwenyewe anaogopa polisi. Basi anasema pamejaa.

Piga simu kabla ya kufika, uliza waziwazi kama wanapokea wageni wa nje wenye pasipoti, na uwe na nakala za pasipoti na viza. Hekalu la Umiya, lile kubwa la mji, lina dharamshala, nyumba za kulala mahujaji, lakini siku za mwezi mpevu hujaa. Ukikwama, lala Mehsana uje Unjha asubuhi. Kusema kweli, kwa safari ya kwanza huo ndio mpango ningekushauri tangu mwanzo. Ukialikwa nyumbani kwa mtu, naye anawajibika kujaza fomu hiyo, kwa hiyo mkumbushe mapema asije akapata matatizo kwa wema wake.

Nitakula nini? Nyama ipo?

Unjha ni mji wa watu wasiokula nyama, na wengi hata yai hawaligusi. Chakula cha kila siku ni chapati nyembamba zilizopakwa samli, dengu, wali na mboga. Majira ya baridi kuna mkate mnene wa uwele unaoliwa na siagi nyeupe na sukari guru, na huo ndio mlo wa kuutafuta. Dengu zao zina utamu kidogo, maana hutiwa sukari guru, na wageni wengi hushtuka kijiko cha kwanza. Mezani kutakuwa na glasi ya chaas, mtindi mwembamba wenye chumvi na jira iliyokaangwa. Kunywa. Kwenye joto lile inafaa kuliko soda.

Mwislamu anayetaka nyama ya halali atabahatika zaidi kwenye miji jirani ya Sidhpur au Patan, kwenye mitaa ya Waislamu. Nyama ya ng'ombe usiitaje wala usiibebe kwenye mizigo, hata ile ya kukausha uliyofungiwa na mama nyumbani. Gujarat ina sheria kali mno juu ya kuchinja ng'ombe, na adhabu yake tangu 2017 inaweza kufika kifungo cha maisha.

Na bia?

Hakuna. Gujarat ni jimbo kavu tangu lilipoundwa mwaka 1960. Mgeni anaweza kuomba kibali cha muda, lakini vibali na maduka yake ni mambo ya miji mikubwa na hoteli zake. Usiingie na chupa kutoka Rajasthan: mpaka uko karibu na magari hupekuliwa.

Nilipe kwa njia gani?

Noti, tena ndogondogo. Utaona kila mtu, hadi muuza karanga, ana msimbo wa kulipia kwa simu, na mtu aliyezoea M-Pesa atajisikia yuko nyumbani mpaka atakapojaribu. Mfumo huo unategemea akaunti ya benki ya India. Kuna pochi maalumu ya wageni inayofunguliwa kwa pasipoti, ila uifungue ukiwa Ahmedabad au Mumbai. Laini ya simu nayo inunue huko, kwa pasipoti na viza, maana duka dogo la Unjha huenda halijawahi kumsajili mgeni.

## Soko, hekalu na maziwa

Naweza kuingia sokoni bila kuwa mnunuzi?

Ndiyo. Ni soko la umma linalosimamiwa na kamati ya mazao. Fika asubuhi mapema, vaa viatu vilivyofunika vidole, na usisimame kwenye njia ya makuli. Mtu mwenye gunia mgongoni hasimami kukupisha.

Mkulima huleta mzigo kwa trekta au pikapu na kuukabidhi kwa dalali wake, ambaye mara nyingi ndiye aliyemkopesha wakati wa kupanda. Magunia humwagwa marundo sakafuni. Kundi la wanunuzi husogea kutoka rundo hadi rundo, na dalali anaimba bei. Tazama mikono yao. Mnunuzi huchota jira, anaisugua viganjani, anapuliza vumbi, anatazama rangi na kuhesabu vijiti na mchanga vilivyobaki, ananusa, kisha anairudisha kwenye rundo bila kusema kitu. Rundo moja humalizika kwa muda mfupi kuliko wewe unavyonunua nyanya. Kisha mizani, kisha sindano ndefu ya kushonea midomo ya magunia.

Bei hutajwa kwa kila kilo 20. Ukisikia elfu tano usidhani ni za gunia.

Utatoka unapiga chafya, na nguo zitanukia jira mpaka zifuliwe. Mwenye pumu avae barakoa au aachane na sehemu hii.

Kwa nini kila mtu anazungumzia mwaka 2023?

Mwaka huo jira ilivuka rupia 60,000 kwa kilo 100, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Walioweka akiba walijenga nyumba. Waliofuata mkumbo wakapanda jira kila kona msimu uliofuata walikuta bei imeanguka chini ya nusu. Jira hubahatishwa sana: ukungu na mvua isiyo ya msimu Januari au Februari huleta ugonjwa wa majani na kulaza shamba zima. Ndiyo maana mkulima wa hapa huchanganya na mbarika, haradali na nyati.

Nyati?

Nyati wa kufugwa, wa aina ya Mehsani. Karibu kila kijiji kina chama cha ushirika cha maziwa, na wilaya nzima huuza kwa kiwanda cha ushirika cha Dudhsagar kilichoko Mehsana. Asubuhi na jioni watu hupanga foleni na ndoo zao, wengi wakiwa wanawake. Maziwa hupimwa uzito, tone huingizwa kwenye mashine ya kupima mafuta, na karatasi ndogo yenye malipo hutoka. Mafuta yakiwa mengi, bei inapanda. Fedha ya maziwa ndiyo inayolisha nyumba kila wiki, ya jira ni ya harusi na madeni. Kama una muda wa kitu kimoja tu nje ya soko, nenda kwenye chama cha kijiji jioni.

Naruhusiwa kuingia hekalu la Umiya?

Wageni huingia. Umiya ni mungu-mama wa ukoo wa Kadva Patidar, Wapatel wa sehemu hii, na hekalu hili ndilo kitovu chao duniani kote. Desemba 2019 lilifanya ibada kubwa ya siku tano iliyojaza mji kwa maelfu kwa maelfu. Vua viatu, funika mabega na magoti, acha mkanda wa ngozi ukiweza, usipige picha ndani ya chumba cha sanamu. Chakula cha jiko la hekalu usikibakishe sahanini.

Na kwa Mwislamu?

Kilomita chache kusini, kijiji cha Unava, kuna kaburi la Mira Datar. Huendewa na watu wa dini zote, hasa walioelemewa na mapepo au maradhi ya akili. Utaona watu wakipiga kelele na kujitupa uani. Ni wagonjwa na jamaa zao, kwa hiyo kamera ibaki mfukoni.

Nikiwa na siku ya ziada niende wapi?

Patan, kwenye Rani ki Vav, kisima cha ngazi cha karne ya 11 kilichoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014. Kimechorwa nyuma ya noti ya rupia 100, basi toa yako ulinganishe. Modhera kuna hekalu la jua la karne hiyohiyo.

Sidhpur, mji unaofuata kaskazini, ndio ningeupa nusu siku. Mtaa wa Mabohora una safu za majumba marefu membamba yenye rangi za peremende, yaliyojengwa kwa faida za biashara ya ng'ambo, Afrika Mashariki ikiwemo. Mengi yamefungwa kwa kufuli, wenyewe wako mbali.

## Watu na adabu

Niwasalimu na kuwaita vipi?

"Kem cho" inatosha kufungua mazungumzo. Mwanamume huongezewa bhai baada ya jina, mwanamke ben, na mzee wa kiume huitwa kaka, cheo cha baba mdogo. Kwa mkono wa kushoto usipokee wala usitoe. Mwanamume asimpe mkono mwanamke asiyeanza yeye.

Lugha ni Kigujarati, na Kihindi kinaeleweka. Kiingereza ni cha vijana na wafanyabiashara. Ukisema unatoka Nairobi au Dar, jiandae kuambiwa habari za shemeji aliyeko Kisumu, na kuulizwa kama unamfahamu.

Mimi ni mweusi. Watanichukuliaje?

Utatazamwa sana, utaombwa picha, na watoto watakufuata. Wengine watakuuliza kama wewe ni Msiddi, kwa maana Gujarat ina jamii ya asili ya Kiafrika iliyoishi humo kwa karne nyingi, hasa karibu na msitu wa Gir na huko Ratanpur, Bharuch. Msikiti wa Sidi Saiyyed wa Ahmedabad, wa 1573, ulijengwa na mtu wa asili hiyo. Upitie kabla ya kupanda treni, dirisha lake la jiwe lililotobolewa ni kazi ya kukufunga mdomo.

Lakini ubaguzi upo, na asikudanganye mtu. Machi 2024 genge liliwavamia wanafunzi wa nje, Waafrika wakiwemo, waliokuwa wakiswali usiku wa Ramadhani kwenye bweni la Chuo Kikuu cha Gujarat. Miji midogo kwa kawaida ni ya udadisi kuliko ya ukali, hata hivyo uswali chumbani au msikitini, epuka mijadala ya siasa na dini, na kundi likianza kukusanyika ondoka mapema bila kujibizana.

Mwanamke peke yake?

Inawezekana, kwa tahadhari za kawaida. Nguo pana na mtandio hupunguza macho. Kwenye treni tafuta behewa la wanawake, na usipange kufika usiku, maana mji hulala mapema. Gujarat ina namba ya msaada ya wanawake, 181. Waulize akina mama wa foleni ya maziwa kuliko vijana wa kituoni. Watakuelekeza, na huenda wakakulisha.

## Mambo ya pembeni

Nataka kununua jira ya biashara. Nianzie wapi?

Si kwa viza ya utalii: omba viza ya biashara, ambayo nayo hupatikana mtandaoni. Mnadani hutanunua mwenyewe, wanunuzi ni wenye leseni. Utafanya kazi na kampuni ya kusafirisha, na sheria inataka muuzaji wa viungo nje awe na cheti cha Bodi ya Viungo ya India. Omba nakala yake kabla ya kutuma hata senti. Tofauti ya bei kati ya jira chafu na iliyosafishwa kwa mashine ni kubwa, kwa hiyo andikianeni asilimia ya usafi.

Na nusu kilo ya nyumbani?

Nunua iliyofungwa na kuandikwa, dukani. Mbegu za kupanda ni jambo jingine: zinahitaji cheti cha afya ya mimea cha India na kibali cha nchi yako, na bila hivyo zitabaki uwanjani.

Naweza kupiga picha na kurusha droni?

Picha sokoni, omba kwa ishara, na wengi watakubali kwa furaha. Wanawake na watoto, uliza wenye nyumba. Droni huwezi kuingia nayo bila idhini ya serikali. Simu ya setilaiti ni hatari zaidi, wageni wamewahi kukamatwa viwanjani kwa kuwa nayo. Iache nyumbani.